Nilipeleka laptop yangu mpya ikauzwe kwa hasara kiwandani Nyakato, nikarudi nayo nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Walionizidi umri shikamooni, wengine wote hamjambo.

Mimi ni mama mtu mzima, nina wajukuu, na humu ndani huwa nasoma tu na kuondoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu ya kijana mmoja aliyeuliza juzi kwenye jukwaa la biashara. Amenunua laptop, haijafikisha hata miezi miwili, mambo hayajaenda alivyopanga, na sasa kuna mtu anaitaka kwa bei ya chini. Anauliza aiuze akubali hasara, au aendelee nayo.

Nimesoma majibu mliyompa. Nusu mnamwambia "uza haraka", nusu mnamwambia "kaza".

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza hiyo laptop aliinunulia kazi gani.

Swali hilo lilinikuta mimi, Mwanza, miaka ya tisini mwishoni, wakati wengi wenu hamjazaliwa au mnanyonya. Nitasimulia lilivyokuwa, pamoja na sehemu ambayo sijisifii. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea. Mods, naomba huu msiuunganishe na uzi wa kijana, ni mrefu kidogo.

Twende.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya umma ya mambo ya pamba. Nilikaa pale miaka kumi na moja. Kwa wasiojua, mpiga chapa enzi hizo hakuwa mtu wa kubonyeza bonyeza. Ulifanyiwa mtihani wa mwendo, unachapa huku macho yako kwenye karatasi ya bosi, siyo kwenye vidole. Mimi nilikuwa na spidi. Sijisifu, hata waliokuwa hawanipendi pale ofisini walikuwa wanakubali hilo.

Miaka miwili ya mwisho, mradi mmoja wa wafadhili ulituletea kompyuta moja. Nikapelekwa kozi ya wiki tatu, nikarudi, na kuanzia hapo nikawa mimi peke yangu ninayeigusa. Wengine walikuwa wanaiogopa, wanaifunika kitambaa kama jeneza.

Wakuu, mimi nilipenda kile kitu. Anayekumbuka karatasi za kaboni atanielewa. Ukikosea neno moja ukurasa wa mwisho, unapaka tipeksi nakala nne, au unaanza upya. Kwenye kompyuta unarudi pale pale, unafuta, unaandika, basi. Nilikaa nikajiambia siku nikiwa na hela yangu, nitakuwa na ya kwangu.

Hela ikaja kwa njia ambayo sikuiombea. Serikali ikaanza kujitoa kwenye biashara, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia, ofisi yetu ikapungua mwaka hadi mwaka. Siku moja tukaitwa ukumbini, yakasomwa majina. Langu lilikuwemo. Nikapewa kiinua mgongo na barua ya kunishukuru ambayo, kwa kejeli ya dunia, nilikuwa nimeichapa mwenyewe wiki moja kabla. Sehemu ya jina ilikuwa imeachwa wazi.

Sasa nimtambulishe mume wangu, maana bila yeye kisa hiki hakipo.

Tumwite Shija. Msukuma wa Magu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Mimi ni Mhaya, maneno ninayo. Alikuwa ameajiriwa kwenye gereji ya mtu Igoma, na ndoto yake ilikuwa kiwanja kidogo kando ya barabara ya Musoma aweke karakana yake mwenyewe. Kiwanja alishakiona. Cha mzee mmoja, Mzee Nkwabi. Wakati huo Igoma ilikuwa bado ina mashamba ya mihogo katikati ya vibanda.

Nilipopata kiinua mgongo nilijua Shija anafikiria nini. Hakusema. Mimi ndiye niliyesema kwamba nataka kununua laptop, nifungue ofisi ya kuchapa Kirumba. Nilimweleza kwa nini laptop na siyo kompyuta kubwa ya mezani: fremu ya duka niliyoipata ilikuwa na mlango wa mbao, mwizi angeusukuma kwa bega, na umeme ulikuwa wa mgao. Laptop ingelala nyumbani na betri ingenisaidia umeme ukikatika.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hela ni yako. Miaka kumi na moja ni yako."

Kiwanja hakukitaja. Muweke hilo akilini.

Nikapanda basi hadi Nairobi, maana kwetu laptop hukuzikuta dukani, na niliyoulizia Dar bei ilikuwa ya kutisha. Nikanunua mpya kabisa, ya kijivu, nzito kama tofali, na mkoba wake. Mpakani niliilipia ushuru halali nikapewa risiti, na afisa akaniuliza mara mbili kama ni kweli ni ya kwangu, siyo ya bosi wangu.

Nikafungua ofisi. Kirumba, mtaa wa pili kutoka njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni, ambako harufu ya dagaa inakusalimia kabla ya watu.

Hapa ndipo ujinga wangu unapoanza.

Laptop nilikuwa nayo. Printa sikuwa nayo.

Naona mnacheka. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mjini kulikuwa na jamaa mwenye duka la vifaa vya ofisi, alikuwa na printa, tukakubaliana. Ningeandika kazi, naiweka kwenye disketi, napeleka kwake, ananitolea, tunagawana. Ya kwangu ningenunua baada ya miezi michache, faida ikiingia.

Wiki ya kwanza alinitolea vizuri. Wiki ya pili bei ikapanda. Wiki ya tatu kila nikienda wino umekwisha, au printa ni mbovu, au aliyeshika ufunguo katoka. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa anawaambia wateja wangu waende kwake moja kwa moja. Sikumlaumu sana. Ningekuwa na printa peke yangu mjini, sijui mimi ningefanyaje.

Lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa wateja wenyewe.

Alikuja mzee mmoja, mchuuzi wa samaki, anataka barua ya kwenda mahakama ya mwanzo kuhusu mipaka ya shamba la marehemu kaka yake. Akanisimulia, nikaandika kila kitu, nikamsomea. Akafurahi, akasema nimeeleza kuliko alivyoeleza yeye. Kisha akanyoosha mkono.

"Balua yangu."

Nikamwambia ipo humu ndani, aje kesho mchana.

Akaitazama laptop, akazunguka nyuma yake, akarudi mbele. "Mama, umeniambia nikwambie mambo ya ukoo wetu. Nimekwambia. Sasa yamebaki humo, na wewe unafunga unaondoka nayo?"

Nilimweleza kwa kadiri nilivyoweza. Akaniambia kwa heshima kabisa niyafute. Nikayafuta mbele ya macho yake. Akaondoka kwenda kwa kijana mwenye taipureta kule karibu na uwanja wa mpira, ambako alikuwa anaona maneno yake yanatokea kwenye karatasi herufi kwa herufi.

Nami nikabaki nimekaa na mashine ya bei mbaya kuliko vitu vyote kwenye ule mtaa, sina cha kufanya nayo.

Mwezi wa pili ulipoisha, kodi ya fremu nililipa kwa hela ya Shija.

Hakunisema. Wakuu, afadhali mtu akuseme. Shija alikuwa anaamka, anakunywa chai, anaenda kuchomelea mageti ya watu wengine, anarudi macho mekundu, ananiuliza "leo vipi?" na mimi namjibu "leo palikuwa na watu kidogo." Watu hawakuwepo.

Ndipo ikaja offer.

Kanisani kwetu kulikuwa na dada mmoja tuliyeimba naye kwaya, akifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara Nyakato. Akaniambia meneja wao anatafuta laptop kwa haraka sana, amekosa Mwanza nzima, na kuagiza kutachelewa. Nikampa ujumbe kwamba ninayo, mpya. Kesho yake akaniletea jibu. Meneja anaichukua, ila bei aliyotaja ilikuwa pungufu kwa theluthi moja ya niliyonunulia, na hapo sijahesabu ushuru na nauli.

Theluthi nzima, kwa kitu chenye miezi miwili.

Nilikataa moyoni. Nikamweleza Shija jioni kama kichekesho, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akaweka kijiko chini, akaniambia kwamba Mzee Nkwabi anauza kile kiwanja. Amepata mnunuzi kutoka Musoma, ila anamheshimu Shija, amempa hadi Jumamosi alete malipo ya kwanza.

Ile bei ya hasara ilikuwa inatosha malipo ya kwanza na kubaki.

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na sikuyatumia. Nikamwambia, "Sawa. Ijumaa naipeleka."

Shija asubuhi yake akaenda kwa Mzee Nkwabi akamwambia hela inakuja. Alimpa neno lake.

Ijumaa nikavaa vizuri, nikaifuta laptop kwa kitambaa, nikaweka na kitabu chake cha maelekezo na disketi zote. Nikaenda Nyakato.

(Samahani, nilikatisha kidogo, wajukuu walitaka chakula. Naendelea.)

Meneja tumwite Bwana Ishengoma. Mtu wa Kagera kama mimi, umri wa baba yangu mdogo, kaunda suti, viatu vimepigwa rangi ingawa nje ya ofisi yake watu wote walikuwa na gambuti nyeupe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza natoka kijiji gani, akakijua. Bahasha ilikuwa tayari pale mezani. Aliniambia ni hela ya kununulia vifaa, imeshasainiwa, niihesabu kabisa.

Nikamwambia aijaribu mashine kwanza. Sikutaka kesho aseme nimemuuzia mbovu.

Kando ya ile bahasha kulikuwa na lundo la karatasi lenye unene wa matofali mawili. Nikauliza ni nini. Akashusha pumzi.

Akanieleza kwamba wanunuzi wa Ulaya wamekaza masharti. Siku hizi hawaangalii samaki tu, wanataka maandishi: samaki anapokelewaje, maji yanapimwa lini, nani ananawa mikono wapi, chumba cha baridi kinasomwa saa ngapi, kila kitu kwa Kiingereza, kila kitu na fomu yake. Wakaguzi wanakuja baada ya wiki tano. Mtaalamu waliyemwajiri ameshairudisha ile kazi mara nne kwa marekebisho. Kila akirekebisha kurasa tatu, namba za kurasa zote zinahama, na katibu muhtasi wake anachapa upya kwa taipureta kuanzia mwanzo. Juzi yule katibu alilia mezani, kisha akaomba likizo.

"Nikikosa hii karatasi," akasema, "wakina mama mia na kitu walioko huko ndani wanarudi nyumbani."

Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini nilimwona mkono wake ukisukuma lile lundo.

Nikawasha laptop. Nikachukua ukurasa wa juu, uliojaa wino mwekundu, nikauchapa huku namsikiliza. Sikuwa najionyesha. Ni mazoea tu, vidole vikikuta kazi vinafanya. Nilipomaliza nikamgeuzia aone.

Akasogeza kiti, akataka ajaribu mwenyewe ukurasa unaofuata.

Alitumia kidole kimoja cha kila mkono. Anatafuta herufi, anaipata, anabonyeza kwa nguvu kama anaua mbu, anapandisha macho. Alipofika mstari wa tatu, chai niliyoletewa ilikuwa imepoa. Alikosea akabonyeza sijui nini, mistari yote mitatu ikapotea. Akakaa anatazama kile kioo cheupe.

"Hii ukiniachia leo, nani atanifundisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Jibu langu lilikuwa nitakuja wiki moja kumwelekeza katibu wake. Lakini jibu hilo sikulitoa, kwa sababu pale pale nilikuwa nimeona jambo.

Huyu mzee hakuwa anahitaji laptop. Alikuwa anahitaji mpiga chapa mwenye laptop. Na Mwanza nzima, ninavyojua mimi, mtu wa namna hiyo asiye na ajira alikuwa mmoja, na alikuwa amekaa mbele yake anakunywa chai ya baridi.

Nikafunga kile kifuniko. Nikamwambia, "Bwana Ishengoma, laptop siuzi. Ila nikodisheni mimi pamoja nayo."

Alidhani nataka kupandisha bei. Akakasirika kidogo, akaniambia tulishakubaliana, ametuma hela isainiwe kwa ajili yangu. Nikamwambia nimemwelewa na naomba radhi, lakini akiinunua atakuwa na mashine nzuri na hati ile ile isiyokwisha. Kiwanda kinunue printa kwa ile hela, printa ibaki kuwa yao. Mimi nitakuja kila siku saa mbili asubuhi na laptop yangu hadi wakaguzi waondoke.

Nikamwomba malipo kidogo ya mbele. Akatikisa kichwa. Ile bahasha ni ya vifaa, si ya mishahara. Kibarua analipwa mwisho wa mwezi, hata awe nani.

Kwa hiyo nilijua. Naomba mnielewe vizuri hapa, maana hii ndiyo sehemu nisiyojisifia. Nilijua kwamba nikitoka pale na laptop, kesho Jumamosi hakuna malipo ya Mzee Nkwabi. Simu za mkononi hatukuwa nazo, lakini Igoma na Nyakato ni pua na mdomo. Ningeweza kumwambia Bwana Ishengoma anipe saa moja nikamuulize mume wangu.

Sikumwambia. Niliogopa Shija angesema niuze.

Nikasimama, nikabeba mkoba. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema nyuma yangu, "Kesho saa mbili. Usichelewe."

Shija alirudi jua likiwa linazama. Mkoba ulikuwa mezani, sikuuficha.

"Umerudi nayo."

"Nimerudi nayo."

Nikamweleza yote, kuanzia lile lundo la karatasi hadi mlangoni. Nilisimulia vizuri, maana nilikuwa na uhakika na nilichokifanya, na hadi leo ninao. Alinisikiliza kama anavyosikiliza siku zote. Nilipomaliza akaniuliza maswali mawili ya maana kuhusu malipo, nikajibu. Akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akasema, "Kazi ni nzuri. Ningekwambia uichukue." Akautazama mkoba pale mezani. "Lakini ungeniuliza."

Wakuu, nimesemwa na mabosi, nimesemwa na mama mkwe, nimepunguzwa kazi mbele ya ukumbi mzima. Hakuna maneno yaliyoniingia kama hayo mawili.

Alitaka aende peke yake kesho yake kwa Mzee Nkwabi. Nikakataa. Nikamwambia twende wote, nitaongea mimi, kisha nitaenda kazini. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Igoma, wote wawili. Nikamwamkia mzee, nikapiga magoti, nikamweleza kwamba mume wangu alitoa neno lake kwa nia njema, na aliyelivunja ni mimi, si yeye. Mzee alinisikiliza, akanishukuru kwa kuja mwenyewe. Akasema amesikia.

Jumatatu kiwanja kikaenda kwa mtu wa Musoma.

Kazi ya kiwandani sitaieleza siku kwa siku, mtalala. Wiki tano nilikaa kwenye kichumba kando ya ofisi ya meneja, pua ikazoea samaki hadi nikawa siwasikii. Mtaalamu alikuwa anarudisha kurasa zimejaa wino mwekundu, jioni anazikuta safi. Mara moja alifuta sura nzima akataka ianze kwa mpangilio mwingine. Aliniambia kwa woga, kama anayetoa habari ya msiba. Nikaihamisha mchana ule ule. Umeme ulipokatika niliendelea na betri, na siku mbili kiwanda kiliniwashia jenereta ambayo kawaida ilikuwa ya vyumba vya baridi tu.

Siku ya wakaguzi walikuja watatu. Walikagua asubuhi yote, kisha wakakaa ofisini na jalada la zile karatasi. Mmoja akauliza fomu ya kuandikia usafi wa matenki ya maji iko wapi. Ilitajwa ndani ya maandishi, lakini fomu yenyewe haikuwepo. Nilimwona Bwana Ishengoma akibadilika rangi. Akawaambia wapate chai kwanza, fomu iko chumba cha pili.

Haikuwa chumba cha pili. Ilikuwa kichwani mwangu. Nikaiandika, nikaipigia mistari, printa ikaitoa, nikamkabidhi mtaalamu aipitie, na kabla chai haijaisha ilikuwa mezani kwao. Mkaguzi akaitazama, akageuza ukurasa.

Kiwanda kilipita. Wakina mama hawakurudi nyumbani.

Mwezi uliofuata kiwanda kingine kilinitafuta, kisha kingine. Bwana Ishengoma ndiye aliyewaambia. Alisema hivyo hivyo kila mahali: "Kuna mama mmoja na laptop yake."

Nyumbani hali haikuwa hiyo. Shija hakununa, hakupiga kelele. Alikuwa mpole, ananishukuru kwa chakula, ananikaribisha kiti, kama mgeni aliyelala kwetu. Alikuwa amepoteza kiwanja, na kibaya zaidi, Igoma alikuwa ameonekana mtu asiyetimiza neno. Mimi niliyezoea kuongea nikawa sijui nianzie wapi.

Siku nilipolipwa mara ya kwanza, sikufungua bahasha. Nikaiweka mbele yake, nikasema, "Tufanye nini?"

Akauliza mimi nafikiri nini. Nikamwambia nafikiri kiwanja kwanza, popote kitakapopatikana. Akasema hapana, hiyo haitoshi kiwanja, inatosha printa, na printa ndiyo italeta kiwanja. Tukabishana hadi chakula kikapoa, na wakuu, nilifurahi kubishana naye kuliko kulipwa.

Tukanunua printa.

Siku chache baadaye alikuja Kirumba na futi ya kupimia. Hakunisalimu hata, akapima ukuta, akapima mlango, akaondoka. Baada ya siku mbili akarudi na wenzake wameshika geti la chuma la kukunja na meza nzito yenye droo inayofungwa kwa kufuli, saizi ya laptop kamili. Alizichomelea usiku usiku baada ya kazi. Akafunga geti, akalivuta mara mbili kulijaribu, akaniuliza, "Leo vipi?"

Nikamwambia leo palikuwa na watu.

Na kweli walikuwepo. Karatasi ikitoka kwenye printa mbele ya macho yao, watu wa Kirumba hawakuwa na shida tena na mashine.

Kiwanja tulipata baada ya mwaka na nusu, Igoma hiyo hiyo, ila ndani, si barabarani. Karakana ya Shija ipo hadi leo, sasa anaisimamia mkwe wetu. Lakini sitawadanganya: kile cha barabarani sasa kina jengo la ghorofa, na kwa aliyemiliki kile, mambo ni mengine kabisa.

Laptop ilinifanyia kazi miaka minne. Kioo kikafa. Niliiuza kwa fundi aliyetaka vipuri, kwa hela isiyofika hata ya mkoba wake.

Kwa hiyo kijana, nakujibu.

Hela uliyonunulia ilishaondoka siku ile ile uliyotoka dukani. Usiitazame hiyo unapoamua, itakupofusha. Jiulize hiyo mashine imekosa nini ili ifanye kazi uliyoinunulia. Yangu ilikosa printa na mteja mmoja anayejua thamani yake, nami nilikuwa nahangaika na bei. Ukiona hakuna kazi inayoweza kufanya mikononi mwako, uza kesho asubuhi, hasara ndogo ni rafiki. Lakini kabla ya kumkabidhi huyo mnunuzi, mkalishe, muulize anataka kuifanyia nini. Huenda anachokitafuta si mashine, ni wewe.

Na kama una mke, mume, au mtu yeyote ambaye hela hiyo ilimgusa, usiamue ukiwa mlangoni kwa watu. Omba saa moja. Hata kama una uhakika. Hasa kama una uhakika. Mimi niliamua sawasawa, na bado nililipa kwa kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu.

Nimemsomea Shija uzi huu wote kabla sijaupandisha. Amesema niuweke, ila niwaandikie msije mkadhani lile geti alichomelea na wenzake, alichomelea peke yake, wenzake walibeba tu.

Basi nimeandika. Mliokuwa Mwanza miaka hiyo njooni mseme, na wanaume mnijibu kwa ukweli: ungekuwa wewe ndiye uliyempa Mzee Nkwabi neno lako, ungechukua muda gani kunisamehe?